Nani Alipanga Hatua za Dubwana?

Filamu ya Pacific Rim, ya maroboti makubwa yanayopigana na madubwana, ilipokuwa ikirekodiwa mjini Toronto, kati ya Novemba 2011 na Aprili 2012, mafundi wake walijenga mtaa wa Tokyo wa ukubwa wa kawaida, wenye majengo, magari na vifaa vya barabarani. Mtaa huo waliukalisha juu ya shokapu. Kila dubwana lilipotakiwa kukanyaga, barabara ilishtuka, magari yakaruka na kutua, na katikati yake akakimbia mtoto wa miaka 7, Mana Ashida, mwigizaji kutoka Japani, huku akilia. Dubwana lenyewe, lenye umbo la kaa, halikuwapo. Lilikuja kuundwa baadaye kwa kompyuta na wasanii wa Industrial Light & Magic, kampuni yenye makao yake San Francisco.

Mtazamaji hahitaji kuuliza, lakini mchambuzi hana budi: nani aliamua muda wa kupita kati ya hatua moja na nyingine? Uzito wote wa dubwana umo humo. Hatua zikifuatana upesi, kiumbe cha mita 80 huonekana chepesi. Zikichelewa mno, huonekana kimesinzia. Katika filamu za Kijapani za madubwana, kwa miongo mingi swali hilo lilikuwa na jibu moja, nalo lilikuwa jina la mtu. Toronto ilikuwa na majibu manne au matano, na ukiitazama Pacific Rim kwa makini unaona mahali majibu hayo yalipokubaliana na mahali yalipopishana.

Jina la Kijapani ni Eiji Tsuburaya, mzaliwa wa Sukagawa, mkoani Fukushima, mwaka 1901. Alianza kama mpiga picha. Mwaka 1942 alitengeneza upya shambulio la Pearl Harbor kwa meli na ndege za mfano, kazi ambayo baada ya vita ilimponza kwa watawala wa Kimarekani. Mwaka 1954 kampuni ya Toho ilipoamua kutengeneza Godzilla, kazi iligawanywa kwa vikosi vitatu. Cha kwanza, chini ya mwongozaji Ishirō Honda, kilirekodi binadamu: wavuvi, wanasayansi, akina mama wanaokimbia. Cha pili, chini ya Tsuburaya, kilirekodi dubwana na mji wa mfano. Cha tatu, chini ya Hiroshi Mukoyama, kiliunganisha picha za vikosi hivyo viwili. Kikosi cha Honda kilirekodi kwa siku 51. Cha Tsuburaya kilihitaji siku 71.

Hizo siku 71 tusizipite haraka, kwa sababu tumezoea kumfikiria mtu wa athari maalumu kama fundi anayeitwa kulipua gari, analipwa, anaondoka. Tsuburaya hakuwa hivyo. Alikuwa na seti yake, kamera zake, mtu wake wa taa, mbunifu wake wa majengo na waigizaji wake, na yeye ndiye aliyetamka anza na kata. Filamu ya pili ya Godzilla ilipotoka mwaka 1955, ikiongozwa na Motoyoshi Oda, cheo chake kiliandikwa waziwazi kwenye majina ya filamu: mwongozaji wa athari maalumu. Tangu hapo filamu ya dubwana ilihesabiwa kuwa na waongozaji wawili, mmoja wa watu, mwingine wa kile kinachowatisha watu.

Kwa nini kazi hiyo ilihitaji mwongozaji, si fundi tu? Twende kwenye hesabu, kwa kuwa siri kubwa ya madubwana ni hesabu ya darasani. Godzilla wa 1954 alikusudiwa kuwa na urefu wa mita 50, naye alikuwa mtu aliyevaa vazi la kama mita 2. Kwa hiyo majengo mengi yalijengwa kwa kipimo cha 1 kwa 25. Chukua tofali linaloanguka kutoka kwenye ukingo wa jengo lenye urefu wa mita 10. Katika dunia ya kweli litafika chini baada ya sekunde 1.4 hivi. Katika mji wa mfano ukingo huo uko sentimita 40 tu kutoka sakafuni, na tofali la mfano hufika chini kwa sekunde 0.29. Mvutano wa dunia haujui kama jengo ni la mfano. Jicho la mtazamaji linajua, hata kama mwenyewe hawezi kueleza: kitu kilichoanguka upesi namna ile ni kidogo.

Dawa yake ni kuiendesha kamera kwa kasi, ili picha zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida wa fremu 24 kwa sekunde, tukio lirefuke. Kiasi cha kuongeza ni kipeuo cha pili cha kipimo chenyewe, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata kipimo. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, na 24 mara 5 ni fremu 120 kwa sekunde. Kwa mwendo huo tofali la sentimita 40 linaanguka kwa uzito wa tofali la mita 10.

Lakini kila uamuzi huzaa mwingine. Kamera inayopiga fremu mara tano zaidi huipa kila fremu sehemu ya tano ya mwanga. Basi taa lazima ziongezwe mara tano, na filamu ya siku zile haikuwa nyepesi kushika mwanga. Taa hizo, alizozisimamia Kuichiro Kishida, zilitoa joto kali, na ndani ya joto hilo alikuwamo Haruo Nakajima, kijana wa miaka 25, amefunikwa na vazi lililotengenezwa wakati mpira ulikuwa adimu Japani. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100 na haikuwezekana kutembea nalo. Likakatwa, na sehemu ya chini ikatumika kwa picha za karibu za miguu. La pili lilikuwa afadhali, ila afadhali yenyewe ilikuwa ya dakika chache kabla ya mtu kuishiwa pumzi. Nakajima alikuwa amekwenda bustani ya wanyama ya Ueno kuwaangalia tembo na dubu wanavyotembea. Sasa kamera ya kasi ilimdai jambo la pili: ajue kwamba kila anachofanya kitarefushwa, apime mwendo wake kwa saa ambayo haiko chumbani. Mtu wa kumwambia haraka au taratibu hakuweza kuwa Honda, aliyekuwa mahali pengine na waigizaji wengine. Ilibidi awe yule aliyechagua kasi ya kamera.

Mamlaka hayo yaligusa hata ukubwa wa majengo. Jengo la Bunge la Japani kwa kipimo cha 1 kwa 25 lingemfunika dubwana, basi likajengwa kwa 1 kwa 33. Hesabu ilivunjwa kwa makusudi ili picha isimame. Nguzo za umeme zilizoyeyuka mbele ya pumzi ya Godzilla zilitengenezwa kwa nta, zikayeyushwa kwa joto. Na mwaka 1955, kwenye filamu ile ya pili, kamera mojawapo iliachwa kwa bahati mbaya kwenye mwendo wa chini, fremu 18 kwa sekunde, hivyo madubwana yakaonekana yanapigana kwa pupa, kinyume cha kila nilichoeleza hapo juu. Tsuburaya aliiangalia picha hiyo, akaipenda, akaitumia, kwa sababu iliyafanya mapigano yaonekane ya wanyama wenye hasira. Fundi angeomba radhi na kurudia. Mwongozaji alichagua.

Alianzisha kampuni yake mwaka 1963, mfululizo wa televisheni wa Ultraman ukafuata mwaka 1966, naye akafariki Januari 1970. Cheo kilirithiwa: Teruyoshi Nakano, aliyependa milipuko, hadi Godzilla wa 1984, Koichi Kawakita kuanzia 1989, Shinji Higuchi kwenye filamu za Gamera za miaka ya 1990. Mpenzi wa filamu hizi akitazama dakika mbili tu za jengo likianguka anaweza kukuambia ni kazi ya nani kati yao.

Turudi Toronto. Guillermo del Toro, mwongozaji wa Pacific Rim na mzaliwa wa Guadalajara, Mexico, ameufanya mji huu kuwa karakana yake. Mimic aliirekodi hapa miaka ya 1990, na baada ya Pacific Rim zikafuata Crimson Peak, The Shape of Water na nyingine. Studio za Pinewood za Commissioners Street, kwenye ardhi ya zamani ya bandari, zilimpa kumbi kubwa alizohitaji. Lakini mfumo wa kazi wa Amerika Kaskazini haumtambui mwongozaji wa pili wa aina ya Tsuburaya. Ile kazi moja ilivunjwa vipande. Carol Spier, mbunifu wa seti ambaye watu wa Toronto wanamjua kwa filamu za David Cronenberg, na mwenzake Andrew Neskoromny walishika majengo. Clay Pinney alishika athari za mikono: mitambo, maji, cheche, mitikisiko. Shane Mahan wa Legacy Effects alishika mavazi ya marubani wa maroboti. John Knoll wa Industrial Light & Magic alishika picha za kompyuta, na Hal Hickel akasimamia wanaoyatembeza madubwana na maroboti fremu kwa fremu.

Angalia kilichopinduliwa. Tokyo ya 1954 ilikuwa ndogo, na mtu alikuwa ndani ya dubwana. Tokyo ya Toronto ilikuwa ya ukubwa kamili, na mtu alikuwa ndani ya kichwa cha roboti. Idris Elba, Charlie Hunnam, Rinko Kikuchi na wenzao walifungwa kwenye mashine zilizowashika miguu na mikono, ndani ya chumba cha rubani kilichoinamishwa na kutikiswa na mitambo. Uchovu wao unaonekana usoni, nao ni wa kweli kama ule wa Nakajima.

Hapo ndipo tatizo la kasi linapojitokeza. Roboti Gipsy Danger ana urefu wa karibu mita 80, yaani mara 44 ya mtu. Kipeuo cha pili cha 44 ni 6.6. Kwa kanuni ya Tsuburaya, ngumi ambayo binadamu anairusha kwa nusu sekunde ingemchukua roboti sekunde tatu na zaidi. Hakuna mtazamaji atakayekaa saa mbili akiangalia ngumi za sekunde tatu. Hickel na kundi lake walikataa kunasa miondoko ya waigizaji wenye vihisi mwilini, kwa kuwa mwendo wa mtu ukibandikwa juu ya chuma cha mita 80 hukifanya kiwe mtu aliyevaa chuma. Waliuunda mwendo kwa mkono. Hata hivyo waigizaji wa Toronto walikuwa wamekwisha kurusha ngumi zao ndani ya chumba cha rubani, kwa kasi ya mikono ya binadamu, na picha za ndani na za nje lazima zikutane. Filamu inaponya jeraha hilo kwa roketi iliyofungwa kwenye kiwiko cha Gipsy: mkono unaanza polepole kama chuma kizito, roketi inawaka, halafu unakwenda kwa kasi ya mtu. Kwa maoni yangu huo ndio uvumbuzi bora wa filamu nzima, kwa sababu unaipa kasi sababu ya kimwili.

Kwenye pigano la Hong Kong ndani ya filamu, mshono unaonekana. Gipsy anaiburuta meli barabarani kama rungu, na kila kitu kina uzito: bega linashuka, mguu unachelewa. Sekunde chache baadaye, rungu likishapigwa, miondoko inaharakishwa, nayo mvua, giza na taa za rangi zinabeba mzigo ambao mwendo ulipaswa kuubeba. Linganisha na ule mtaa wa Tokyo nilioanza nao. Pale mdundo uliamuliwa kabla, shokapu zikaupiga, miguu ya mtoto ikaupokea, na walioliumba dubwana baadaye walilazimika kulitembeza kwa mdundo uliokwisha kuwamo kwenye picha. Kipande hicho ndicho kinachokaa kwenye kumbukumbu, nacho kilitengenezwa kwa utaratibu wa Tsuburaya kuliko kingine chochote humo: uzito kwanza, umbo baadaye.

Kuna kingine kinachostahili kuangaliwa kwa karibu, ingawa hakikurekodiwa Toronto. Ngumi ya roboti inapenya ndani ya ofisi, inafagia meza na vizuizi, inaishiwa nguvu mbele ya vile vijipira vya chuma vya mezani vinavyogongana, na kuvigusa kidogo tu. Ofisi ile ilijengwa kwa kipimo cha 1 kwa 4 na kampuni ya 32TEN huko San Rafael, California, na kuvunjwa kwelikweli mbele ya kamera. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Kanuni ya Tsuburaya inadai fremu 48 tu kwa sekunde. Kipimo kikubwa kama hicho husamehe mengi: karatasi hupepea vizuri, mbao hupasuka kwa nyufa zinazoaminika.

Del Toro anaujua urithi huu na hakuuficha. Knifehead, dubwana la kwanza tunaloliona likipambana na Gipsy, liliumbwa makusudi lifanane na mtu aliyevaa vazi la mpira, likitembea kwa kujikokota kama madubwana ya miaka ya 1960. Na mwishoni filamu imetolewa kwa kumbukumbu ya mabingwa wawili wa madubwana: Ray Harryhausen na Ishirō Honda. Harryhausen alikuwa mtu wa athari, aliyetembeza viumbe vyake kwa vidole. Honda alikuwa mwongozaji wa watu. Tsuburaya hakutajwa. Sidhani ilikuwa dharau. Honda anastahili kila heshima. Lakini pengo hilo linaniuma, kwa kuwa linafuata desturi yetu ya kumpa mwongozaji wa waigizaji filamu yote, hata pale ambapo mwenzake alifanya kazi siku 20 zaidi na kuliumba lile lililowaleta watu ukumbini.

Toronto ina dai jingine kwa madubwana, na hili halionekani kwenye bango lolote. Programu ya Maya, ambayo kwayo viumbe vingi vya sinema vimetembezwa tangu 1998, ni zao la Alias, kampuni iliyoanzishwa mjini humu mwaka 1983. Houdini, programu ya kuumba maji, moshi, vumbi na majengo yanayoporomoka, inatengenezwa na SideFX, kampuni ya hapahapa iliyoanza mwaka 1987. Zote mbili zimepewa Oscar ya sayansi na ufundi, Maya mwaka 2003 na Houdini mwaka 2018.

Sasa tazama njia ndefu iliyoifikisha Houdini Japani. Novemba 2023 Toho ilitoa Godzilla Minus One. Mwandishi, mwongozaji na msimamizi wa athari zote alikuwa mtu mmoja, Takashi Yamazaki. Alikuwa na wasanii 35 na picha 610 za kutengeneza, kwa bajeti iliyo chini ya dola milioni 15. Bahari iliyobeba nusu ya hofu ya filamu ile ilifanywa na kijana Tatsuji Nojima kwa Houdini. Machi 2024 Yamazaki, Nojima na wenzao wawili walichukua Oscar ya athari za picha. Pacific Rim, iliyogharimu zaidi ya mara kumi ya fedha hizo, haikuwahi hata kuteuliwa katika kundi hilo. Fedha haielezi tofauti hiyo. Yamazaki alikaa chumba kimoja na wasanii wake. Wimbi likiwa jepesi alisema hapohapo, na kama wimbi halikubali alibadilisha tukio, kwa kuwa tukio pia lilikuwa lake. Vile viti viwili vya 1954 vilikaliwa na mtu mmoja, na kifaa alichokitumia kilitoka Toronto.

Na wa kwetu, wa Afrika Mashariki, alikwisha kufika mji huu. Septemba 2019, tamasha la filamu la Toronto lilionyesha Crazy World ya Isaac Nabwana, wa Wakaliga, Kampala, katika mfululizo wake wa usiku wa manane. Nabwana huandika, huongoza, hupiga picha, huhariri na hutengeneza athari za kompyuta mwenyewe, kwa mashine anazoziunganisha mwenyewe. Bunduki na mitambo humtengenezea Dauda Bisaso kutokana na vyuma chakavu. Amewahi hata kumjengea kiunzi cha helikopta cha ukubwa kamili. Walianza na damu ya ng'ombe, waigizaji wakaugua, wakahamia rangi za chakula zilizotiwa ndani ya kondomu na kuvutwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Ukimtazama Nabwana kama mchekeshaji wa bajeti ndogo, kama wengi wa Ulaya na Amerika wanavyomtazama, humwoni vizuri. Anazo sifa zote za cheo cha Tsuburaya: anajua kila kitu kitaonekanaje kabla hakijarekodiwa, na hakuna wa kumwomba ruhusa.

Kinachomkwamisha ni kasi. Helikopta ya kompyuta katika Who Killed Captain Alex? ya 2010 inavuka anga la Kampala bila kuchelewa kugeuka na bila kuinama kabla ya kuongeza mwendo, na kwa hiyo haina uzito. Kosa hilo halitaki fedha ili lirekebishwe. Linataka ile hesabu ya kipeuo cha pili.

Naisema kwa sababu mwaka 2024 serikali ya Zanzibar ilitangaza kumtengea Idris Elba, yuleyule wa chumba cha rubani cha Toronto, ardhi ya takriban hekta 80 kwa ajili ya studio ya filamu. Wapo vijana wa Unguja, Dar na Mombasa ambao hawana haja ya kusubiri ukuta wa kwanza usimame. Simu nyingi za sasa hurekodi fremu 120 kwa sekunde, na nyingine 240. Ya kwanza ndiyo kasi ya mji wa 1 kwa 25; ya pili ni ya mji wa 1 kwa 100. Mwanga aliouhitaji Kishida kwa taa za kuunguza, jua la saa sita mchana linautoa bure, basi mji ujengwe nje, uani. Video iwekwe kwenye fremu 24 wakati wa kuhariri, si 30, la sivyo hesabu inaharibika. Lenzi iwe sentimita 6 kutoka ardhini, kwa kuwa hapo ndipo macho ya mtu wa 1 kwa 25 yanapofika, na lenzi ndogo ya simu itaweka jengo la mbele na la nyuma vyote vionekane kwa ukali. Udongo wa vumbi uchekechwe mara mbili, kwa sababu punje moja ya mchanga kwa kipimo hicho ni jiwe. Jengo lijengwe mara tatu na liangushwe mara tatu, kwa fremu 60, 120 na 240, kisha picha zote tatu aonyeshwe yule aliyekabidhiwa dubwana, na achague yeye, hata kama atachagua ile ambayo hesabu inaikataa.